Pasipoti Sita na Safari ya Efeso

Watanzania wa Dengfeng, mtaa wa mji wa Guangzhou nchini China, walimwita Mama Fungua, na jina hilo hakulichukia. Jina lake hasa lilikuwa Anastazia, mjane wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Bukoba, mwenye duka la nguo za watoto mjini Mwanza ambalo mdogo wake ndiye aliyelisimamia. Mwaka wake wa kwanza Guangzhou alinunua marobota kumi na mawili ya mashati. Yalipofika Mwanza na kukatwa kamba, mashati mazuri yalikuwa juu na chini tu. Katikati kulijaa matambara ya kupigia deki. Tangu hapo hakununua kitu bila kukifungua. Akiingia duka la jumla alimwita mwenye duka laoban, yaani bosi, kwa adabu zote, kisha akatoa mkasi mdogo mkobani na kusema neno la Kichina alilolijua kuliko yote: dakai. Fungua.

Watu nao aliwatazama vivyo hivyo. Mtu akimpa soda, aliangalia kwanza kama kizibo hakijaguswa.

Basi watu walishangaa, mwishoni mwa Agosti 2009, waliposikia kwamba Mama Fungua anaulizia safari ya starehe.

Tangazo lenyewe lilibandikwa ukutani, kwenye ngazi za jengo moja la biashara pale barabara ya Huanshi Zhonglu. Lilisema kwamba sikukuu ya Oktoba viwanda vyote vitafungwa, hakuna biashara, njooni mkaone Uturuki kwa siku tisa: Msikiti wa Sultan Ahmed, Ayasofya, Kasri la Topkapi, Efeso, Pamukkale. Viza zitashughulikiwa. Mwenyeji wa kuwaongoza yupo. Chini kulikuwa na jina la Mwanahija, ghorofa ya tatu.

Anastazia alilisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yakanasa kwenye neno Efeso. Baba yake alikuwa katekista. Jioni za Kwaresima aliwasimulia watoto jinsi mafundi wa fedha wa Efeso, waliokuwa wakitengeneza sanamu za mungu wao wa kike, walivyofanya ghasia katika ukumbi mkubwa wa mji kwa sababu mahubiri ya mtume Paulo yalikuwa yanaua biashara yao. Baba alitaka watoto waogope sanamu. Anastazia, akiwa na miaka tisa, aliuliza, "Na wale mafundi walipata kazi nyingine?" Baba alicheka hadi akafuta machozi, akamwambia akamuulize Paulo. Ukumbi ule alitaka kuuona tangu siku hiyo.

Alipanda hadi ghorofa ya tatu. Mwanahija alikuwa mwanamke wa Kizanzibari wa umri kama wake, mzaliwa wa Malindi, Mji Mkongwe, ambako zamani alikuwa akiwatembeza watalii. Hapa alikodi nusu ya meza, akiuza tiketi za ndege na kupanga mizigo. Nyuma yake alibandika picha za kuba na minara.

"Wewe mwenyewe umewahi kufika huko?" Anastazia aliuliza kabla hajaketi.

"Mara tatu, dada'angu. Tulikuwa tunafuata nguo Istanbul kabla hatujaijua China. Wenzangu wakihangaika na makoti ya ngozi, mimi natoroka naenda kuona makasri."

"Pale Efeso, kutoka getini hadi kwenye ule ukumbi ni mbali kiasi gani?"

"Inategemea unaingia geti lipi. Kuna la juu na la chini. Kwa magoti kama haya yetu, ingia la juu, uteremke nalo. Na uende asubuhi. Mchana yale mawe yanarudisha jua usoni."

Habari ya magoti ilimridhisha Anastazia kuliko picha zote za ukutani. Hata hivyo alikwenda kuuliza kwingine. Salvatory, Mchaga muuza simu ambaye naye alikuwa amejiandikisha, alimwambia huku akitabasamu, "Uturuki? Watu wanapitia pale kuingia Ugiriki bila viza." Kuanzia hapo Anastazia akamtilia shaka Salvatory pia.

Walipatikana wasafiri sita. Siku ya Alhamisi, tarehe tatu Septemba, walipeleka pasipoti zao. Mwanahija aliwaeleza kwamba viza za Uturuki zinaombwa Shanghai, na kwamba zitarudi baada ya wiki mbili. Kila mmoja alipewa nakala ya pasipoti yake na karatasi yenye sahihi.

"Nitakusindikiza ukazitume," Anastazia alisema.

"Siendi mimi. Namtuma mtu wa posta ya haraka anakuja kuzichukua hapa hapa."

"Kwa nini usiende? Ofisi yao si ipo ng'ambo tu ya barabara?"

"Nimefunga, dada. Jua kali." Mwanahija alisema hivyo bila kumtazama, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Ilikuwa Ramadhani, kweli. Lakini Abdulhadi, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekuwa miongoni mwa wale sita, naye alikuwa amefunga, na alikuwa amekwenda Pazhou, upande wa pili wa mji, kwa metro na kurudi. Anastazia akaliweka hilo moyoni. Siku zilizofuata akaweka na mengine. Mwanahija hakutumia lifti ya mbele, alipita ngazi za nyuma, zile za kutolea takataka. Meza aliigeuza ili akiketi atazame mlango. Namba ya simu aliibadilisha mara mbili ndani ya wiki mbili. Na siku ile pasipoti zilipokusanywa, Anastazia alizihesabu kwa macho: zilikuwa sita. Ya Mwanahija haikuwamo.

Mwaka ule haukuwa wa kukaa bila pasipoti. China ilikuwa inajiandaa kwa sherehe za miaka sitini ya jamhuri, na kadiri tarehe ilivyokaribia, ndivyo askari walivyozidi kuonekana Xiaobei, eneo walikokaa Waafrika wengi. Walisimama kwenye madaraja ya waenda kwa miguu, kwenye milango ya majengo, mbele ya migahawa. Neno lao lilikuwa moja, na kila Mwafrika alilijua hata kama hajui jingine: huzhao, pasipoti. Ukionyesha nakala wanaitazama, wanaikunja, wanakuambia uingie garini. Wengine walirudi baada ya saa tatu, wengine baada ya siku tano, na wengine ilisikika tu kwamba wamerudishwa kwao.

Wiki mbili zikatimia. Pasipoti hazikurudi.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo Anastazia alishuka kutoka chumba chake cha ghorofa ya kumi na mbili, mkononi ana mfuko wa sampuli za magauni. Lifti ilipofunguka aliona migongo ya sare nyeusi. Mkongo mmoja aliyekaa ghorofa ya tano alikuwa ameshikwa mkono, akisema kwa Kifaransa kwamba pasipoti yake iko juu, wamruhusu akaichukue, na hapakuwa na aliyemwelewa. Anastazia hakutoka. Alibonyeza kitufe cha juu. Lifti ikapanda naye, akateremkia ghorofa ya mwisho na kupanda ngazi hadi juu ya paa, palipoanikwa shuka za nyumba ya wageni. Alikaa katikati ya shuka zile kwa saa nne. Alimpigia Mwanahija simu. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Pale juu ndipo mashaka yalipogeuka kuwa hakika. Aliyaunganisha yote: ngazi za nyuma, namba mpya, mwanamke asiyetaka kuonekana barabarani. Pasipoti ya mtu mwenye viza halali ilikuwa na wanunuzi mji ule. Pasipoti zetu zimeuzwa, alijiambia. Shanghai hazikufika.

Askari walipoondoka alikwenda moja kwa moja Huanshi Zhonglu, kwa uchochoro. Meza ya ghorofa ya tatu ilikuwa tupu. Jirani, muuza mikoba, alisema Mwanahija hajaonekana tangu jana.

Chini mlangoni alikuwapo mlinzi wa jengo, mzee mpole ambaye humsalimu kila mtu. Anastazia alimwonyesha nakala ya pasipoti, akanyoosha kidole juu, ghorofa ya tatu, akatikisa mkono kuonyesha hakuna kitu. Kisha akasema neno analolijua kila mfanyabiashara aliyewahi kuumizwa: pianzi. Tapeli. Mzee alikunja uso. Alitoa daftari lake dogo na kalamu, akampa. Anastazia aliandika kwa herufi kubwa: MWANAHIJA. Chini yake akaandika namba ya simu. Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, akalirudisha daftari mfukoni.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Abdulhadi ndiye aliyemwambia mahali pa kumpata: "Wanawake wetu wanafuturu pale msikitini penye kaburi la zamani, karibu na bustani ya Lanpu. Bi Mwanahija hakosi. Lakini mama, nenda taratibu. Mimi simwoni mtu mwizi pale."

"Wewe unamwona nani mwizi? Wewe hata aliyekuuzia betri za simu zilizojazwa udongo ulimwombea dua."

Alijifunga kitenge kichwani akaenda. Jua lilikuwa linazama, uani mikeka imekwisha kutandikwa chini ya miti, Wachina Waislamu na Waarabu na Wasomali na Wanaijeria wamejipanga. Mwanahija alikuwa pembeni, karibu na ukuta. Alipomwona Anastazia hakukimbia. Alisogea, akampa nafasi kwenye mkeka na kumwekea tende tatu mkononi.

"Adhana ndiyo hiyo. Kula kwanza, kisha unitukane."

Anastazia hakula. "Pasipoti yangu iko wapi?"

"Shanghai. Walizirudisha fomu kwa sababu barua ya hoteli haikuwa na mhuri. Kosa langu. Nimetuma barua nyingine juzi. Risiti ya posta hii hapa." Alitoa karatasi, Anastazia akaisoma namba kwa namba.

"Karatasi hata mimi naweza kuchapisha. Simu umezima kwa nini?"

"Walikuwa ghorofa ya pili, wanapanda. Nikazima, nikatoka."

"Wewe unaogopa nini? Wewe si una pasipoti yako? Hukuipeleka na zetu."

Mwanahija alimaliza kunywa maji yake. Halafu akaingiza mkono ndani ya baibui, akatoa kijitabu kilichofungwa kwa mfuko wa nailoni, akakiweka juu ya magoti ya mwenzake.

"Haya. Fungua."

Anastazia akafungua. Alipitisha kurasa, mihuri ya Istanbul mitatu, mihuri ya Dubai, akafika kwenye viza ya China. Ilikuwa imekwisha Juni 2008. Aliisoma tarehe ile mara ya pili, kisha akafunga kijitabu haraka, akageuka kuona kama kuna aliyeona.

"Mwaka mzima na miezi mitatu?"

"Wakati wa Olimpiki niliomba nyingine, wakaninyima. Nikasema nitangoja kidogo. Kidogo ndiyo hii. Nikitoka hawaniruhusu kurudi, na nyumbani watu kumi na mmoja wanakula kwangu."

"Ukatutangazia kwamba utatuongoza."

"Niliandika kwamba mwenyeji yupo. Yupo, Mturuki, atawapokea uwanja wa ndege. Sikuandika kwamba ni mimi. Ila nilijua mtafikiri ni mimi, na sikuwasahihisha." Alikichukua kijitabu, akakirudisha ndani ya baibui. "Kuwatembeza watu ndiyo kazi ninayoijua, Anastazia. Tiketi na makontena nimejifunza tu kwa shida."

Tende zilikuwa bado mkononi. Anastazia akazila, moja baada ya nyingine.

Njiani akirudi alikumbuka daftari la mlinzi. Aliamua kwamba kesho atakwenda kumwambia mzee yule alifute jina. Kesho alikuta mlinzi mwingine zamu. Keshokutwa ilikuwa Jumapili. Jumatatu alipomwona mzee, alimsalimu naye akasalimiwa kwa tabasamu kama kawaida, na Anastazia akafikiri: amekwisha kusahau, nikimkumbusha ndipo nitakapoliamsha jambo. Kichina chake kilitosha kumwita mtu tapeli. Kumsafisha mtu kulihitaji maneno ambayo hakuwa nayo. Akapita.

Pasipoti zilirudi tarehe ishirini na tatu, zote sita, kila moja na viza yake. Anastazia aliikagua yake kurasa zote thelathini na mbili. Mwanahija akampa karatasi nne alizoziandika kwa mkono, mbele na nyuma.

"Wewe ndiye mkali, zishike wewe. Ayasofya Jumatatu imefungwa, Topkapi Jumanne. Msikitini chukua skafu yako mwenyewe. Sokoni, bei ya kwanza usiijibu."

Waliruka tarehe mosi Oktoba. Mwenyeji alikuwapo kweli, kijana wa Kituruki aliyejua Kiingereza, ameshika kibao chenye majina yao. Anastazia alimwomba kitambulisho kabla hajampa begi lake.

Istanbul ilimshinda kuitilia shaka, ingawa alijaribu. Katika Ayasofya upande mmoja ulikuwa umejaa vyuma vya mafundi hadi darini, lakini kuba lilikuwa pale juu, kubwa kiasi kwamba shingo ilichoka kabla ya jicho. Mwenyeji alieleza kwamba lilikuwa kanisa karibu miaka elfu moja, likawa msikiti karibu mia tano, na sasa ni makumbusho. Abdulhadi alisimama akisoma majina matukufu kwenye mabamba makubwa ya duara. Anastazia naye alikuwa amemwona Bikira Maria na Mwana, juu kabisa, wa vijiwe vya dhahabu. Walisimama begani kwa bega, kila mmoja akitazama chake, mpaka Abdulhadi akasema, "Hivi walikaaje pamoja muda wote huu?" Anastazia akajibu, "Labda hawakuwa na pa kwenda."

Topkapi, Abdulhadi alilia mbele ya masalio matukufu ya Mtume, na wengine wakamwacha peke yake. Katika hodhi la kale chini ya ardhi waliona safu za nguzo zimesimama majini, na chini ya mbili vichwa vya mawe vimelazwa, kimoja kimepinduliwa juu chini. Msikiti wa Sultan Ahmed walivua viatu, na Anastazia alivitia vyake mkobani, hakuviacha rafuni.

Na kila mahali wote watano walimlinda Salvatory. Akichelewa msalani walihesabiana. Akisimama kuongea na mtu walisogea kusikiliza. Siku waliyofika Izmir alipotea robo saa nzima, na Anastazia alikuwa amekwisha kusema, "Huyo yuko Ugiriki," alipomwona anarudi mbio na mikate ya duara yenye ufuta, sita, mmoja kwa kila mtu. "Mbona mnanitazama hivyo?" Salvatory aliuliza.

Efeso waliingia saa mbili asubuhi, kwa geti la juu. Waliteremka barabara ya mawe meupe yaliyolainishwa na nyayo za watu wa kale, wakapita vyoo vya umma ambako wenye mji walikaa wakipiga soga, wakafika mbele ya maktaba ambayo ukuta wake wa mbele ulisimama peke yake, madirisha yakionyesha mbingu. Kisha ukumbi. Mwenyeji alisema uliketisha watu elfu ishirini na tano.

"Nani aliwahesabu?" Anastazia aliuliza.

Alipanda safu thelathini hivi, magoti yakilalamika, akaketi juu ya jiwe. Alijitahidi kuwaona wale mafundi wa fedha wakipiga kelele kwa saa mbili nzima kwa hofu ya kupoteza riziki. Alidhani atafurahi. Badala yake kilichomjia kilikuwa uso wa mzee mlinzi akipokea daftari. Alifikiri jinsi umati mkubwa kama ule ulivyoweza kukusanyika kwa neno la mtu mmoja tu mwenye hofu. Alikaa hadi Salvatory alipopanda kumfuata.

"Mama, unaumwa?"

"Nipe mkono tushuke. Nataka kurudi Guangzhou."

Bado kulikuwa na nyumba ya Bikira Maria mlimani, na Pamukkale na maji yake ya moto. Aliona vyote. Mbele ya ukuta ambao mahujaji hufunga vitambaa vya maombi, alifunga chake, na alichoomba hakumwambia mtu.

Walirudi tarehe tisa. Kabla ya kwenda chumbani alikwenda Huanshi Zhonglu na begi lake lile lile. Kwenye nusu meza ya ghorofa ya tatu aliketi msichana wa Kichina akiuza kadi za simu. Ukutani yalibaki mabaki ya gundi.

Muuza mikoba alimwambia yaliyotokea. Siku ya pili ya sikukuu, jengo likiwa karibu tupu, askari wanne walipanda kwa ngazi za nyuma. Hawakuuliza mtu mwingine pasipoti. Walikwenda kwenye meza ya Mwanahija moja kwa moja. Alikaa mahabusu siku tano, akapandishwa ndege kurudi kwao.

Anastazia alishuka. Mzee mlinzi alikuwa mlangoni, akamsalimu. Alimwuliza, kwa maneno na kwa vidole, juu ya askari, juu ya daftari, juu ya jina lile. Mzee alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akasema hajui. Huenda kweli hakujua. Huenda aliyesema ni mwingine, mshindani wa tiketi, au mpangaji mwenye chuki. Jengo lilikuwa na macho mengi. Miaka yote aliyobaki Guangzhou, Anastazia hakupata kujua.

Alilolijua ni alilolifanya yeye. Mwezi Novemba alipata namba ya Zanzibar, akapiga.

"Bi Mwanahija, kuna kitu lazima nikwambie." Akamwambia yote: paa, mlinzi, neno la Kichina, herufi kubwa. Hakupunguza.

Mwanahija alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, Anastazia," Mwanahija alisema. Hakusema dada. Akakata.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, simu yake iliita kutoka Zanzibar. Mwanahija alikuwa amerudi kuwatembeza wageni Mji Mkongwe, na sasa alitaka kuwapeleka watu Uturuki yeye mwenyewe, akianza na akina mama wa Malindi. Alihitaji picha za kutangazia.

"Za Efeso hasa," alisema. "Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Zenye watu ndani?"

"Zipo."

"Basi nitumie. Na nisikilize, picha ukiwa umenuna usilete, zitanifukuzia wateja."

Anastazia alicheka, kisha akaogopa kwamba amecheka mapema mno. Alichapisha picha arobaini, akazipanga kwa tarehe, akaandika nyuma ya kila moja ni wapi na ni saa ngapi, akampa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Unguja. Baada ya wiki mbili ujumbe uliingia, maneno mawili tu: "Zimefika. Ahsante."

Aliusoma mara kadhaa, akitafuta kama kuna kitu kimejificha ndani yake, halafu akaacha kutafuta, akaenda sokoni.